TAHADHARI: Wanaouza "stetimenti" za udaktari hapa Dodoma, msiwape hela

Wazazi, na nyie vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mliomaliza kidato cha sita, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna wauzaji wanaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye baadhi ya steshenari za mjini wakinadi "stetimenti ya udaktari iliyokwisha kupita", yaani maelezo binafsi ya kuombea chuo. Bei hawaitaji mpaka wakuulize mzazi wako anafanya kazi gani. Ukishatoa advansi inafuata hela ya kuhariri, halafu ya kutuma, halafu ya "mtu wetu wa ndani".

Kama unaomba MD (shahada ya udaktari) hapa nchini, hapo umeshaibiwa tayari. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na vyuo vyetu vingine vinachagua kwa matokeo: Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita, au stashahada yenye GPA inayotakiwa. Maombi unayajaza mwenyewe kwenye mfumo wa chuo husika. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, haipokei maombi ya mwanafunzi mmoja mmoja, kwa hiyo anayedai ana mtu TCU wa kukupitishia stetimenti anauza hewa.

Maelezo binafsi yanahitajika ukiomba nje, na huko ndiko mali yao inakokumaliza kabisa. Chukua Uingereza. Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya kule, na huko maandishi yote hulinganishwa na mengine yaliyowahi kutumwa. Yakifanana, vyuo vyote ulivyoomba vinaarifiwa. Mwaka 2007 walikamata waombaji 234 waliosimulia kisa kilekile cha kuunguza pajama wakiwa na umri wa miaka minane. Sasa faili moja linalouzwa kwa watu arobaini wa Dodoma na Singida litafichwa wapi?

Muulize muuzaji maswali haya uone atakavyobabaika. Insha ina sehemu ngapi? Kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea, insha ndefu ya mtiririko mmoja imeondolewa. Kuna maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini kujiandaa. Jumla ni herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Akikuletea kurasa mbili zilizoungana, anauza mali ya zamani. Akikuahidi stetimenti tofauti kwa kila chuo, muongo: ni moja inayokwenda kwa vyuo vyote, na vya udaktari haviruhusiwi kuzidi vinne. Mwisho wa kutuma ni tarehe 15 Oktoba, saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa 2 usiku. Na kama hajakutajia UCAT, mtihani wa kuombea udaktari kule, hajui anachokiuza. Anayekuuzia ya Marekani ukiwa na cheti cha kidato cha sita tu ndiye mbaya zaidi, kwani huko karibu vyuo vyote vya udaktari vinadai uwe na shahada ya kwanza.

Hata mtambo usipokukamata, usaili utakukamata. Hizo za kununua utakuta zinasema ulimfuata daktari wa familia kliniki ya Manchester, wakati wewe umekulia Kongwa. Swali la pili tu umekwama.

Andika yako. "Napenda kusaidia watu" ifute, kila mtu anaandika hivyo. Kama umejitolea zahanati, chukua tukio moja dogo: mama aliyerudi mara tatu na mtoto kwa sababu dozi alielezwa kwa haraka. Sentensi mbili za ulichokiona, kisha nne au tano za ulichojifunza na ulichokwenda kukisoma baadaye. Wengi wanakosea hapo. Wanajaza matukio kumi na fikra hakuna. Mtu wa Kongwa aliyekua akiona wazee wenye vikope (ugonjwa wa macho) ana mada ambayo hakuna muuzaji anayo, mradi asiongeze chumvi. Mgonjwa usimtaje jina. Mwalimu wa Kiingereza akusahihishie sarufi, lakini asikuandikie.

Wakala wa vyuo vya nje naye mdai kibali cha TCU, kisha kihakikishe TCU kwenyewe. Picha ya kibali kwenye simu yake usiihesabu.

Kama umeshatuma hela: kwanza badili nywila ya barua pepe na ya akaunti ya maombi, maana wengi huwa wameziomba "wakusaidie kujaza". Piga picha za mazungumzo kabla hawajayafuta, weka ujumbe wa muamala, wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako siku hiyohiyo, na namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Halafu nenda polisi na hivyo vielelezo. Na kama stetimenti yao bado iko kwenye fomu na fomu hujaituma, ifute yote, uanze na swali la kwanza upya.