Kipimo cha DNA cha kutema mate: kazi safi, ila ndugu zetu hawamo

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kifurushi hiki cha kupima DNA nyumbani kinauzwa Marekani kwa chini kidogo ya dola mia moja. Hapa Nairobi hukipati dukani. Changu kililetwa na mpwa wangu anayeishi Minnesota, kikiwa katikati ya vitamini na viatu alivyotumwa na nusu ya ukoo, na aliporudi alibeba kichupa chenye mate yangu. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina malalamiko, na pia kwa sababu kampuni hizi zote kazi yao ni moja.

Sikukitaka ili nijue asili yangu. Asili yangu naijua: baba wa Mwala, Ukambani, mama wa Ugenya, kwa Waluo, mimi wa mtaa wa Jericho hapa Nairobi. Nilikitaka kwa sababu ya mauaji. Nilikuwa karani wa mahakama hapa mjini hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kesi za jinai. Tangu 2018 nimekuwa nikijiuliza kama kile kilichofanyika California kinaweza kufanyika kwetu.

Kwa wasiokumbuka: Aprili 2018, Joseph James DeAngelo, mzee wa miaka 72 aliyewahi kuwa polisi, alikamatwa kwa ubakaji na mauaji ya miaka ya 1970 na 1980. DNA ya mhalifu huyo polisi walikuwa nayo kwa miaka mingi, ila kwenye hifadhidata yao ya wahalifu haikulingana na ya yeyote. Ndipo wakaipakia kwenye GEDmatch, tovuti ambako watu wa kawaida huweka matokeo ya vipimo vyao ili watafute jamaa. Wakapata binamu wa mbali kabisa, watu ambao babu yao wa pamoja na muuaji aliishi karne ya 19. Barbara Rae-Venter, wakili mstaafu wa mambo ya hataza, akasaidia kuchora ukoo kutoka kwa babu hao kushuka chini, tawi kwa tawi, hadi wakabaki na wanaume wachache wa umri unaofaa. Polisi wakamfuata DeAngelo kimya kimya, wakapangusa kitasa cha mlango wa gari lake, wakaokota karatasi ya kupengea kwenye taka zake. Ikalingana. Mwaka 2020 alikiri mauaji 13 na akafungwa maisha.

Siri ni kwamba kipimo cha polisi na kipimo cha kifurushi hiki si kimoja. Polisi wa Marekani, tangu 2017, wanasoma sehemu 20 tu za DNA. Zinatosha kusema huyu ndiye au siye, na huyu ni mtoto wa yule. Kifurushi kinasoma sehemu zaidi ya 600,000, kwa hiyo kinaweza kumtambua hata mtu ambaye mnakutana kwa babu wa babu.

Sasa kifurushi chenyewe. Ndani kuna kichupa chenye mstari, kifuniko chenye maji ya kuhifadhi, mfuko wa kufungia na maelezo ya Kiingereza chepesi. Usile, usinywe, usivute sigara kwa nusu saa kabla ya kutema. Kijana hatahangaika. Mzee wa umri wangu mate ni mali adimu, na povu halihesabiwi, lazima maji maji yenyewe yafike kwenye mstari. Nilikaa kibarazani nikiwaza maembe mabichi ya pilipili wanayouza pale Muthurwa, na bado ilikuwa shughuli. Kama unampimia mama au shosho, tafuta kampuni inayotumia vijiti vya pamba vya kupangusa ndani ya shavu. Ni rahisi zaidi kwao.

Ufungaji nausifu bila kinyongo. Ukifunga kifuniko, maji ya kuhifadhi yanamwagikia mate, unatikisa, unaweka kwenye mfuko, basi. Namba ya kichupa ndiyo unayoandikisha kwenye tovuti, jina lako halionekani popote juu yake. Karani wa vielelezo yeyote angeipenda. Si kwamba vifaa vya namna hii havikosei. Ujerumani polisi walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilitokea kwenye matukio yapatayo 40, likiwemo la polisi mwenzao aliyeuawa Heilbronn mwaka 2007. Ilipofika 2009 ikabainika DNA ile ni ya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu sawasawa, ila hilo haliondoi DNA.

Matokeo yalikuja kwa barua pepe baada ya wiki kadhaa. Ile ramani ya asili ipite tu. Walinipaka rangi kutoka Juba hadi Dodoma, jambo ambalo konda yeyote wa Jogoo Road angeniambia bure kwa kunitazama uso.

Orodha ya jamaa ndiyo yenye utamu. Kipimo cha undugu wao kinaitwa sentimorgani: binamu wa kwanza mnachangia kama 850, binamu wa tatu kama 70. Orodha yangu karibu yote ilikuwa ya watu wa sentimorgani nane, tisa, kumi, ambao hata ukiwaita mkutano hamtajua mnakutania wapi. Isipokuwa kijana mmoja wa Texas mwenye jina la Kikamba, aliyekuja na zaidi kidogo ya 200. Kampuni ikamwandika "binamu wa pili", yaani tunakutana kwa baba wa babu.

Si kweli. Nilimpigia dada yangu, naye akapekua magazeti anayoyahifadhi akapata tangazo la kifo la baba yetu mdogo. Mnajua matangazo yetu ya vifo yalivyo: mwana wa marehemu fulani, mume wa fulani na fulani, ndugu wa fulani, baba wa hawa, babu wa wale, "wa Marekani" kwenye mabano. Kijana alikuwa mle, kwenye mstari wa wajukuu. Babu yangu alikuwa na wake watatu. Sisi ni wa nyumba ya kwanza, baba yetu mdogo ni wa nyumba ya tatu, na kijana ni mjukuu wake. Tunakutana kwa babu yangu mmoja tu, bila bibi, ndiyo maana hesabu ikashuka ikaonekana kama undugu wa kizazi kingine. Nilimwandikia, akanijibu siku hiyo hiyo, akaniita babu na kuniuliza kama shamba la mzee bado lipo.

Sasa mpe mpelelezi orodha hiyo. Akiliamini neno la kampuni, atapanda kizazi kimoja zaidi ya inavyotakiwa, kisha ashuke na matawi ambayo hayahusiki kabisa. Wachora ukoo wa Marekani nao wanakutana na ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, lakini kwao ni tukio, kwetu ni boma la kawaida. Wao wana sensa za zamani na vitabu vya kanisa. Sisi tuna dada yangu na magazeti yake. Sisemi kwa dharau. Kwa maoni yangu tangazo la kifo la Kenya ni mchoro wa ukoo bora kuliko cheti chochote cha serikali.

Lakini mchoro hausaidii kama hakuna wa kuanzia naye. Nanyuki, watoto waliozaliwa na askari Waingereza wa kambi ya mafunzo wamewapata baba zao kwa njia hii hii, na mahakama ya Uingereza imethibitisha ubaba wa baadhi yao. Iliwezekana kwa sababu upande wa baba, kule Uingereza, shangazi na mabinamu wamejaa kwenye hifadhidata. Geuza mambo. Mtu aliyefanya mauaji mtaani Kayole, hapa Nairobi, miaka ishirini iliyopita, damu yake ikapatikana leo, binamu zake wako wapi? Wako Kayole, na hakuna aliyetema mate kwenye kichupa cha dola mia. Ukinunua kifurushi hiki ukidhani unachangia kufufua kesi zilizolala hapa nyumbani, pesa yako imekwenda kuwasaidia watu wa Texas.

DNA tunayoitumia vizuri ni ile ya jamaa wa karibu. Baada ya Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri ilifukuliwa kuanzia 2023, familia zilitoa sampuli, maabara ya serikali ikalinganisha, na miili ya kwanza ikakabidhiwa Machi 2024. Sheria nayo ipo. Kifungu cha 122A cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu polisi wa cheo cha inspekta au zaidi kuagiza kwa maandishi mshukiwa wa kosa kubwa achukuliwe sampuli. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana maabara ya uchunguzi Kiambu Road iliyozinduliwa 2022. Na mauaji hayana muda wa kuisha, faili inaweza kufunguliwa wakati wowote.

Faili, ndiyo. Kielelezo je? Katika mahakama moja nisiyoitaja niliona blauzi ya marehemu ikitolewa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Iliingizwa ikiwa mbichi kwa damu. Ndani ya nailoni kulikuwa na matone ya maji, na kitambaa kilikuwa kimeota madoa meusi ya kuvu pale hasa damu ilipokuwa. Harufu ilijaa chumba, hakimu akaagiza madirisha yafunguliwe. Lebo ilikuwa safi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, sahihi zote zipo. Bakteria walikuwa wamekula ushahidi. Nguo ya damu hukaushwa kwanza, kisha hutiwa kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, ule ule wa kufungia mandazi, unaopitisha hewa. Mbele ya blauzi ile hata Rae-Venter angekunja mikono.

Kuhusu faragha, someni kabla ya kubonyeza. GEDmatch ilibadili kanuni Mei 2019 ili polisi wanaosaka wahalifu wasikuone mpaka ukubali mwenyewe. 23andMe, mojawapo ya kampuni za vipimo hivi, ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za watu milioni 6.9 zikaguswa, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu DNA kuwa data nyeti, ila seva ikiwa Marekani sijui utamshtakia nani. Wanaoogopa polisi peke yao nawakumbusha kesi ya kwanza kabisa, ya Uingereza, kabla ya muuaji Colin Pitchfork kunaswa mwaka 1987: mtu wa kwanza kuguswa na DNA alikuwa kijana aliyekwisha kukiri mauaji, nayo ikaonyesha siye.

Malalamiko: kuona ni jamaa gani mnaowachangia wewe na jamaa mwingine, jambo ambalo ndilo kiini cha kazi yote, unalipia tena kila mwezi. Walimkata mpwa wangu kwenye kadi hata baada ya kughairi, na huduma kwa wateja inajibu kwa barua ya kunakili. Hizo mbili zimewapunguzia nyota.

Natoa nyota tatu. Mwenye jamaa ughaibuni anayewatafuta, nunua. Mwenye shaka ya mtoto ni wa nani, nenda maabara ya hapa mjini, niliulizia nikaambiwa elfu ishirini hivi, na matokeo yake mahakama inayajua. Ile ruhusa ya polisi sijaiwasha bado. Dada yangu anasema mate ni yangu lakini damu ni ya nyumba zote tatu, kwa hiyo nisiguse kitufe chochote mpaka tukutane Mwala mwezi wa kumi na mbili, na kijana wa Texas apigiwe simu naye aseme lake.