Uzoefu wangu na Autosol kwenye ekzosi ya Boxer iliyogeuka bluu

Ninaendesha pikipiki ya Boxer katika steji ya Kondele hapa Kisumu. Tangu niichukue ikiwa mpya sijawahi kuifunga mnyororo jioni kabla ya kuipangusa, hata mvua ikiwa imeninyeshea mchana kutwa. Ndiyo maana niliona mapema shingo ya ekzosi ilipoanza kubadilika, pale bomba linapotoka kwenye injini na kupinda kuelekea chini. Kromu ilianza na manjano ya nyasi kavu. Baada ya wiki mbili ilikuwa na pete ya zambarau, na chini ya pete hiyo bluu kali kama shingo ya tausi. Wenzangu wawili pale stejini waliisifia, wakasema imependeza. Mimi iliniuma, kwa sababu hii pikipiki ndiyo inayolipa karo nyumbani kwangu.

Nilianza na vya jikoni: waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga. Tope lilitoka, bluu ikabaki palepale, na juu yake nikaongeza mikwaruzo ambayo ipo hadi leo. Kijana mmoja wa kuosha pikipiki akanishauri nitumie sandipepa. Nashukuru nilijaribu upande wa ndani tu, usioonekana. Rangi iliondoka kweli, lakini kromu nayo iliondoka, na mvua mbili zilitosha kuleta kutu mahali hapo. Kromu ni ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Ukishaichubua huwezi kuirudisha kwa kusugua, basi tafadhali msiguse ekzosi ya kromu kwa sandipepa.

Hapo ndipo niliponunua Autosol, ile dawa ya Kijerumani ya kung'arishia chuma inayokuja kwenye tyubu kama dawa ya meno. Nilitoa shilingi 800 katika duka la vipuri mjini, nikaona ni ghali kwa tyubu ndogo kama ile. Nilisubiri injini ipoe kabisa, nikaosha bomba, nikalikausha, kisha nikaweka dawa ya ukubwa wa punje ya haragwe kwenye kitambaa cha fulana kuukuu. Unasugua kwa mduara, sehemu ndogo ndogo, bila kukimbilia kwingine. Kitambaa kinakuwa cheusi tititi, na hiyo ni dalili kuwa dawa inafanya kazi. Manjano yaliondoka karibu mara moja. Zambarau ilinichukua kama dakika ishirini na raundi mbili. Bluu ilififia sana ila haikuisha, na kwenye kona yenyewe ya bomba kimebaki kivuli ambacho unakiona ukiinama. Nilipomaliza, niliiona sura yangu kwenye kromu kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Siku tisa baadaye bluu ilikuwa imerudi.

Nilikasirika, nikadhani nimeuziwa dawa bandia. Nikaenda Kibuye kwa mzee mmoja fundi ambaye kabla ya kuingia kwenye pikipiki alikuwa akifua vyuma, patasi na visu. Aliitazama ile shingo bila kuigusa, akaniambia, "Kijana wangu, hii rangi haikuja na uchafu wa nje. Ni moto wa ndani." Akanieleza kwamba wafua vyuma huzitumia rangi hizi kama kipimo: chuma cha kawaida kikifika nyuzi joto 220 hivi huwa manjano ya nyasi kavu, kikikaribia 300 huwa bluu, na hapo mfua patasi anajua muda wa kukitumbukiza majini. Rangi yenyewe ni utando mwembamba unaoota juu ya chuma kinapokutana na hewa kikiwa na joto. Kwa hiyo Autosol ilikuwa imefanya kazi yake. Injini yangu ndiyo iliyokuwa inaupika utando mpya kila siku.

"Nani aliigusa kabureta yako?" akaniuliza.

Nikakumbuka. Miezi mitatu nyuma nililalamika kwamba pikipiki inakunywa mafuta, na fundi mwingine, wa barabarani, akaniwekea jeti, kile kisehemu cha kabureta kinachopitisha petroli, yenye tundu dogo zaidi. Kweli petroli ilipungua, nikafurahi. Lakini injini iliyonyimwa mafuta huku hewa ikiwa nyingi huwaka moto mkali, na mimi kila siku naipandisha mlima wa Riat na abiria hadi Kiboswa. Mzee alifungua plagi akanionyesha ncha yake, nyeupe kama chaki. Inatakiwa iwe kahawia ya maziwa ya chai. Halafu akapitisha kidole pale bomba linaposhikana na injini, kikatoka na masizi. Gasketi, ile pete ya kuziba pale kwenye maungio, ilikuwa imechoka na inavuja. Nikaelewa na ile milio ya pa-pa-pa niliyokuwa nikiisikia nikifunga mafuta wakati wa kuteremka kutoka Riat.

Alirudisha jeti ya saizi yake, akaweka gasketi mpya na kukaza nati za bomba. Gasketi ilikuwa shilingi 100, na mzee nikampa 300 ya kazi. Jioni hiyo nilirudia Autosol kwa nusu saa, safari hii nikaongeza jambo alilonionya: kabla ya kuwasha, pangusa bomba lote kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ukiwa mbali na moto, usiliguse tena kwa mkono mtupu, na subiri petroli ikauke kabisa ndipo uwashe. Mafuta ya vidole na mabaki ya dawa yakipata joto yanaungua na kuacha madoa ya kahawia ambayo utayasugua upya.

Kitu kingine nilichojaribu kukitoa kwa Autosol ni doa la koti la mvua. Makoti ya mvua ya abiria yanayeyuka na kuganda kwenye ekzosi kama gundi nyeusi. Autosol peke yake haiwezi. Pasha injini kidogo hadi plastiki ilainike, zima, ikwangue kwa kijiti cha mti, acha bomba lipoe, ndipo upake dawa kumalizia alama. Na kama ekzosi yako ni ya rangi nyeusi, achana na dawa hii, itakutolea rangi.

Mimi naipa Autosol alama 8 kwa 10. Mbili nimekata kwa sababu ya bei na ile bluu ya konani ambayo imegoma. Tyubu bado iko zaidi ya nusu na nimeshasafishia pikipiki ya jirani pia.

Huu ni mwezi wa nne tangu gasketi ibadilishwe. Petroli ninayotumia imepanda kidogo, kama shilingi 40 kwa siku, nami naitoa bila kinyongo. Shingo ya ekzosi ina manjano hafifu pale juu kabisa karibu na injini, na hayajasogea.