Uzoefu wangu na huduma ya uzazi: nyota tatu, na zilikopotelea mbili

Nimetumia huduma ya uzazi ya vituo vya serikali toka hudhurio la kwanza mpaka kliniki ya baada ya kujifungua. Naipa nyota tatu kati ya tano. Wakunga wengi wanaijua kazi yao. Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya vikwazo vidogo vidogo vinavyomfanya mjamzito achelewe kuanza, akose vipimo au aamue kujifungulia nyumbani. Watu wakiulizwa sababu husema umbali. Umbali upo, ila aliyetembea saa mbili akarudi bila hata kupimwa mkojo, mara ya pili hatembei.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki ya wajawazito badala ya 4: la kwanza ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Nusu nzima imerundikana kuanzia wiki ya 34, mwili ukiwa mzito na nauli imeshaanza kuwa shida. Halafu kuna vituo vinavyopokea hudhurio la kwanza siku moja tu kwa wiki; ukichelewa, urudi wiki ijayo. Vingine huwatanguliza waliokuja na wenza, na aliye peke yake hubaki mkiani mwa foleni au hudaiwa barua ya kujieleza. Nia ni kuwapima wote wawili virusi vya UKIMWI na kaswende, nia njema kabisa, lakini asiye na mwenza huishia kuja mimba ikiwa na miezi sita. Hapo ultrasaundi haikadirii tena vizuri umri wa mimba (kabla ya wiki 24 ndiyo inafaa), na tarehe ya matazamio inakuwa ya kubahatisha. Shida yake huonekana mwishoni, watu wakibishana kama mimba imepitiliza.

Kinachonikera kuliko vyote ni upimaji wa presha. Mtu ametoka juani, anaitwa, anakaa ukingoni mwa benchi, mkono unaning'inia, mkanda unafungwa juu ya sweta. Namba ya hivyo haina maana. Anatakiwa atulie dakika 5, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini bila kupishana, mkono uwe usawa wa moyo na kibofu kiwe kitupu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Ikisoma 140/90 au zaidi, inarudiwa, na mkojo unapimwa protini. Sasa vijiti vya kupimia mkojo vikiisha, kadi huandikwa presha peke yake, na dalili za mwanzo za kifafa cha mimba hupita hivihivi. Ikifika 160/110, usikubali kurudishwa nyumbani usubiri kliniki ijayo.

Vidonge vya kuongeza damu vinapatikana, maelezo ndiyo hayapatikani. Dozi ya kila siku ni madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi ya foliki miligramu 0.4. Choo kinakuwa cheusi, tumbo linafunga, kichefuchefu kinazidi. Asiyeambiwa mapema anadhani vinamdhuru na anaviacha. Kumeza usiku baada ya chakula husaidia, na usinywe chai karibu na muda wa kumeza kidonge. Penye malaria, SP (vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria) huanza wiki ya 13, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi, dozi 3 au zaidi, na humezwa mbele ya muuguzi. Angalia usipewe asidi ya foliki ya miligramu 5 pamoja nayo, maana hudhoofisha nguvu ya SP.

Kuhusu huduma kuwa bure: kumuona mkunga ni bure. Glavu, pamba, wembe mpya, vibanio vya kitovu, mpira wa kulalia na wakati mwingine dripu unaweza kuambiwa uje navyo. Sipingi orodha yenyewe, nalalamikia kuipata mlangoni mwa leba. Iombe mapema, wiki ya 20 si mapema mno.

Leba za wazi bila mapazia, pamoja na marufuku ya ndugu kuingia, zinawafukuza wanawake kuliko wakuu wa vituo wanavyokiri. Pazia si kitu cha kusubiri bajeti kuu. Kauli kali nazo zina mchango wake. Aliyetukanwa kwa mimba ya kwanza, ya pili huileta kichwa cha mtoto kikiwa kimeshaonekana.

Rufaa ndiyo sehemu dhaifu kupita zote. Damu ikitoka kwa wingi baada ya kuzaa, mama anaweza kufa ndani ya saa mbili. Sindano ya oksitosini, yuniti 10, hutolewa mara tu mtoto akitoka, lakini dawa hiyo inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Kituo ambacho umeme hukatika na friji haina chanzo kingine kinaweza kumdunga mama dawa iliyopoteza nguvu bila yeyote kujua. Kabla ya wiki ya 36 uliza mambo matatu: friji inafanya kazi, gari la wagonjwa lina mafuta na dereva wa usiku, na damu huwekwa wapi. Jibu likiwa la kusitasita, panga usafiri wako na watu wawili wa kuchangia damu.

Baada ya kujifungua unatakiwa ukae kituoni saa 24, kisha uonwe siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Mara nyingi mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa, mama akabaki amembeba tu. Mwambie muuguzi akupime presha na aangalie kidonda na damu inayotoka. Kifafa cha mimba huweza kuanza hata baada ya mtoto kuzaliwa, kwa hiyo kichwa kikiuma sana au macho yakiona giza, rudi siku hiyohiyo.