Mhusika wa kuunda au wa kupewa: yupi ni wako?

Kwenye vibanda vya gemu vya Ngamiani, Tanga, mpira ndio unatawala. Ila wale wachache wa gemu za hadithi nao wana ubishi wao: mhusika wa kujiundia na wa kupewa, yupi ni wako kweli?

Chukua gemu ya Skyrim ya 2011, ya mhusika wa kujiundia. Unachagua jamii yake kati ya 10, jina, pua, hata kovu. Kijana mmoja pale alihangaika na sura karibu saa nzima, akamwita Makorokocho, kisha akamvika kofia ya chuma. Uso hauonekani tena! Lakini mguse uone. Mhusika huyo hatamki maneno, unayachagua kwenye orodha tu, kwa hiyo hasira, dharau na utani unavitia wewe. Akiiba, umeiba wewe. Ubaya wake, dunia ile haimjui: hana mama, hana deni, hana wa kumlilia.

Wa kupewa ni kama Geralt wa gemu ya The Witcher 3 (2015): anakuja kamili, na nywele zake nyeupe, sauti yake na Ciri, binti aliyemlea. Wewe unamnyoa ndevu na kumwamulia mambo, basi. Ila maamuzi hayo yanauma, maana hatima ya Ciri inategemea ulivyomtendea.

Shepard wa gemu za Mass Effect yuko katikati: sura unaipanga wewe, sauti ni ya mwigizaji.

Kwa kutoa machozi, nampa Geralt. Kwa umiliki, Makorokocho hana mpinzani, na anayetaka ugomvi pale kibandani aifute sevu (gemu iliyohifadhiwa) ya kijana yule.