Bango la mzunguko wa damu ya kichanga: kushoto safi, kulia nusu somo

Nafundisha ukunga hapa Mbeya. Bango hili nimelinunua steshenari moja pale Mwanjelwa. Muuzaji alianzia Sh 17,000 akashuka hadi 15,000. Limechapwa kwenye turubai jepesi, linakunjika bila kupasuka na vumbi la chaki linafutika kwa kitambaa. Kwa bei hiyo sina neno.

Upande wa kushoto, mtoto akiwa tumboni, mchoraji alijua anachofanya. Kitovu kina vena (mshipa unaopeleka damu kwenye moyo) moja nyekundu inayoleta damu yenye oksijeni kutoka kondo la nyuma, na ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) mbili za buluu zinazoirudisha. Mabango mengine niliyoyaona hukosea hapo hapo, kwa sababu mtu amekariri kwamba ateri lazima iwe nyekundu. Njia tatu za mkato, zinazoipitisha damu pembeni ya ini na mapafu, nazo zinaonekana hadi dawati la nyuma: mshipa unaolipita ini, tundu kati ya chemba mbili za juu za moyo, na kimshipa kinachounganisha ateri ya mapafu na aota, ateri kuu ya mwili.

Kulia ndiko kwenye kasoro. Kuna mtoto analia, njia zote tatu zimepigwa alama ya X, basi. Mwanafunzi ataondoka akiamini kilio kimoja kimefunga kila kitu. Pumzi ya kwanza hutanua mapafu, mishipa yake hulegea, damu humiminika humo na kurudi kwa wingi chemba ya juu ya kushoto. Kitovu kikibanwa, shinikizo upande huo huzidi, na kigozi chembamba husukumwa kuziba tundu kama pazia lililobanwa na upepo. Lakini kubanwa tu si kuungana. Kuungana huchukua miezi, na kwa takribani mtu mzima 1 kati ya 4 tundu halijaungana kabisa, naye yuko Uyole analima viazi vyake bila habari. Kimshipa cha aota, kwa mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake, kwa kawaida hujifunga ndani ya saa 24 hadi 72, kisha baada ya wiki mbili tatu hugeuka kano. Kwa njiti kinaweza kubaki wazi. Bango halina hata neno moja la hayo.

Na baridi je? Mtoto akipoa, mishipa ya mapafu inaweza kujikaza tena na damu ikarudia zile njia za mkato za alipokuwa tumboni mwa mama. Huku kwetu mwezi Juni na Julai hilo si jambo la kuruka. Ndiyo maana tunawapigia wanafunzi kelele: mkaushe, mlaze kifuani kwa mama, mfunike kichwa.

Nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika “saa”, “wiki”, “miezi” kando ya alama za X. Natoa nyota tatu kati ya tano. Ukienda, dai na fito mbili za kutundikia. Zipo chini ya kaunta, hazitolewi mpaka uulize.