Sidii ya d'Indy: ununue ipi kwanza?

Haya, kwa wanaoulizia waanze na sidii ipi ya Vincent d'Indy, mtunzi Mfaransa wa muziki wa klasiki, maana wengi jina lake mnalikuta tu kwenye habari za mtunzi mwenzake Erik Satie halafu basi, nawapangia kwa jinsi nilivyosikiliza mwenyewe.

Namba moja haina ubishi, Symphonie sur un chant montagnard français ya 1886, chukua ile ya kampuni ya Decca, Jean-Yves Thibaudet kwenye piano na Charles Dutoit anaongoza okestra ya Montréal. Inaanza na ile obo nene (ala ya kupuliza) yenye sauti ya majonzi, inaimba wimbo wa wachungaji wa milima ya Cévennes, yaani unatulia mwenyewe, halafu piano ikija haijifanyi bosi, imo tu humo ndani ya okestra inamwaga noti kama maji ya mfereji. Na humohumo kuna simfoni ya César Franck, mwalimu wake, kwa hiyo umepata na nyongeza. Rekodi ya kazi hiyohiyo ya Charles Munch na okestra ya Boston ina moto zaidi ila ni ya miaka ya 50, kama unapenda sauti safi utanung'unika.

Namba mbili juzuu ya kwanza ya d'Indy ya kampuni ya Chandos, Rumon Gamba na okestra ya Iceland. Ina Jour d'été à la montagne ya 1905, alfajiri mchana jioni mlimani, na Souvenirs aliyoandika baada ya mkewe kufariki. Hiyo ya pili usiiweke ukiwa unapika.

Tatu Istar, rekodi yoyote utakayopata. Mungu wa kike anashuka kuzimu, kila mlango anavuliwa vazi, milango saba, sasa jamaa kaanza na variesheni, yaani tyuni ileile ikigeuzwageuzwa, zenye mapambo kibao akaenda akipunguza, tyuni yenyewe inakuja mwisho kabisa, uchi, okestra nzima sauti moja. Ujanja mtupu!

Sonata ya piano ya 1907 naiweka mkiani. Pale ualimu wa d'Indy umeuzidi utunzi wake, unasikia hadi chaki. Ndiye huyu alianzisha shule ya muziki ya Schola Cantorum na wenzake Paris 1894, mwanafunzi lazima apite kwenye nyimbo za Kigregori (za kale za kanisani) na kontapointi ya wazee (kusuka sauti kadhaa pamoja) kwanza, Satie alienda kukaa darasani pale 1905 akiwa na miaka 39. Na tusifichane, mzee alikuwa upande wa waliompinga Dreyfus, yule ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini, na alikuwa na chuki na Wayahudi, kama hilo linakukwaza usinunue, sikulaumu.

Ukichukua ya mtumba omba picha ya upande unaong'aa na ya maandishi ya juu ya sidii pia, sio kava tu. Mimi niliwahi kuletewa kava la d'Indy safi kabisa, kufungua ndani nyimbo za Krismasi.