Tiba Shufaa Nyumbani, Wilayani Rungwe: Tathmini ya Familia Moja

Kwa miezi minne mama yangu mkubwa, aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa, alihudumiwa kijijini kwake, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Tukuyu, na kikosi cha tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa wa maradhi mazito) cha hospitali ambayo siitaji jina kwa kuwa nina malalamiko nayo pia. Naandika kwa ajili ya familia zinazoambiwa kwamba mgonjwa "arudishwe nyumbani", bila kuelezwa atakayempokea huko ni nani.

Muuguzi alifika kila baada ya wiki mbili. Alikuwa hodari na mpole, lakini mzigo hasa ulibebwa na majirani wanne wa kitongoji chetu, wanawake watatu na mzee mmoja wa kanisa, waliokuwa wamepewa mafunzo na hospitali hiyo. Hao ndio waliotuonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asichubuke mgongo, kumsafisha kinywa kwa kitambaa laini, kuandika daftarini kila dozi ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu aliyoinywa kila baada ya saa nne, na kufuatilia choo chake, kwa kuwa dawa hiyo hufunga tumbo. Muuguzi alipomuuliza kwa Kiswahili, mama alijibu kwamba hajambo. Kwa Kinyakyusa, mbele ya jirani aliyechuma naye chai tangu usichana, alikiri kwamba maumivu yanamshika kiuno usiku kucha na kwamba anaogopa kufa akiwa peke yake. Dozi iliongezwa kutokana na maneno hayo ya pili.

Huku kwetu msiba haukosi watu. Chama cha kuzikana kina turubai, sufuria na daftari la michango, na asiyefika hutozwa faini, ilhali mgonjwa wa muda mrefu hutembelewa wiki ya kwanza kisha akaachiwa wanawe (nami nimewahi kuwafanyia wengine hivyo). Hospitali ilikiendea chama hichohicho, kikakubali kupanga zamu za kuni, maji, uji na mtu wa kukesha mara mbili kwa wiki ili binti zake wapate usingizi. Kwa hilo pekee naipa alama za juu kabisa.

Alama zinashuka kwenye dawa. Mofini ilituishia mara mbili, na mara ya pili tulikaa siku tatu tukimsikiliza akilia, kwa sababu daktari wa kuiandika alikuwa safarini. Nchini Uganda wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika tangu mwaka 2004. Namba ya simu tuliyopewa haikupokelewa usiku hata mara moja. Majirani wale hawakurudishiwa hata nauli ya kufuata dawa mjini. Katika jimbo la Kerala, India, ambako huduma hii hutegemea sana majirani, serikali ya jimbo iliiwekea sera mwaka 2008, na serikali za mitaa huwalipa wauguzi wanaozunguka majumbani.

Mama alifariki alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa yule mchuma chai. Siku ya tatu baada ya mazishi muuguzi alikuja kuchukua chupa ya mofini iliyobaki, akaipima mbele yetu, akatia saini daftarini, kisha akaketi na binti za marehemu jikoni karibu saa nzima.